Alama za Chaki

Miaka ishirini na sita nimechonga meno ya bandia
ya watu nisiowajua, chini ya ngazi, mtaa wa Sololaki,
nikidhani hakuna mtu Tbilisi anayeujua weupe kunishinda.
Jumamosi ya kwanza Mzevinari alininyang'anya tyubu mkononi.
"Ukuta huu ni mweupe? Hebu tazama."
Nikatazama. Palikuwa na kijani cha maji ya kabichi,
zambarau kidogo pembeni mwa jiko la vigae,
na juu kabisa, moshi ulipolala tangu enzi za bibi yake,
rangi ya jino la mvuta sigara.
Hiyo niliijua.

Tsiala alikaa kati ya jiko na dirisha,
gauni la biringani, mabega wazi, mwezi wa pili.
Zamani aliendesha tramu. Reli ziling'olewa,
yeye akabaki na ustadi wa kukaa kitako
saa nzima akitazama mbele.
Mzevinari akapiga magoti, akazungushia chaki
visigino vyake, miguu ya kiti, hata kivuli cha kiti.
Kivuli peke yake hakikutii.

"Msimchore Tsiala," tukaambiwa. "Choreni hewa
iliyo baina ya sikio lake na pazia.
Mkiipata, mtu atakuja mwenyewe akae."
Mimi, mbishi, nikaanza na pua.

Kufikia mapumziko nilikuwa na pua safi
isiyo na pa kuvutia pumzi.
Tsiala akajitanda blanketi, akaja na chai yake,
akasimama nyuma yangu, kimya,
majani yakipanda na kushuka ndani ya glasi.
"Jiko," akasema hatimaye, "jiko umelipatia.
Linaonekana linanijua."

Jumamosi ya nne hakuja.
Dada yake huko Kutaisi kateleza ngazini.
Mzevinari hakuvunja darasa: akakirudisha kiti kwenye chaki,
nasi wanane tukapaka kiti kitupu, tukiguna.
Sijui nieleze vipi.
Mwanga wa saa kumi, uliozoea kuishia begani mwake,
ulipita moja kwa moja hadi mlangoni
ukaligusa koti langu kwenye msumari.
Na ile zambarau pembeni mwa jiko? Haipo.
Nilisogea, nikarudi, nikafumba jicho moja. Haipo.
Ilikuwa ya gauni.
Wiki tatu nilipaka ukuta, kumbe nampaka yeye.
Nikaikwangua pua kwa kisu.

Akarudi kakata nywele hadi shingoni.
Gocha, mwanafunzi wa uhandisi, karibu alie:
"Wiki nzima nimemaliza kwenye kile kisuko!"
Tsiala akacheka, akasahau kuziba mdomo,
nami nikaliona pengo, juu, kushoto, karibu na chonge.
Basi ndilo hilo.
Mdomo wake upande ule ulikuwa ukibonyea kidogo
na mimi nikiutilia kijivu kila wiki
bila kuuliza kimetoka wapi.

Wiki iliyofuata nikaja na kipimo changu cha kazini,
vijino kumi na sita vya kaure kwenye ufito mmoja.
Wakati wa mapumziko, dirishani, akafungua kinywa.
Nikakipitisha cha kwanza, cha tano, cha tisa,
kando ya jino lake zima.
Nimefanya hivi maelfu ya mara chini ya taa
na sijawahi kuchukua zaidi ya dakika moja.

"Jeupe?" akauliza, kinywa wazi.

Palikuwa na samawati ya theluji iliyobaki kwenye paa la jirani.
Palikuwa na chai, miaka hamsini ya chai.
Na chini, ufizini, biringani,
imepanda kutoka kwenye gauni.

"Tulia usitikisike."

"Haya ni mapumziko yangu," akasema. "Utanilipa."

Nyuma yetu Mzevinari akigonga glasi kwa kijiko:
muda umekwisha,
kila kisigino kwenye chaki yake.